Makopo Mia Saba

Mtu aliyetaka kujengewa tangi la maji alitegemea kuulizwa urefu, upana na mahali pa kulichimbia msingi. Fundi wa matangi hakuanza hivyo. Alikuja nyumbani kwako, akaketi mahali ambapo mama wa nyumba aliweza kumsikia, akauliza, "Hapa mnatumia makopo mangapi kwa siku?"

Wanaume wengi hawakujua. Walimtazama kana kwamba amewauliza idadi ya mvi zao. Jibu lilitoka jikoni, na mara nyingi lilitoka na swali: "Pamoja na ya kuoga, au ya kunywa na kupikia tu?"

"Mama, nitajie yote. Tangi halichagui."

Kopo alilokuwa akiulizia ni la robo galoni, lile la bati lenye mkono, ambalo wenye maduka wa Musoma waliliita kwati na sisi wengine tuliliita kopo tu. Maziwa yalipimwa kwa kopo hilo, na mafuta ya taa pia. Kila mwanamke kati ya Musoma na Bunda alikuwa na kopo hilo kichwani hata kama hakuwa nalo jikoni. Fundi akishajibiwa alizidisha kwa siku za kiangazi, kimyakimya, macho yamefumba na midomo inacheza. Kisha alikunjua mita yake ya mbao, iliyokuwa imeshikizwa vipande vipande kwa vibawaba vya shaba, na kuanza kuchora tangi kwenye vumbi.

Hapo ndipo nilipokuwa nikipotea. Kopo ni kipimo cha Mwingereza. Mita Fundi aliipata kwa Mjerumani, alipokuwa kijana anayebeba mawe, na hakuiacha hata serikali ilipobadilika na kila mtu akaanza kusema futi na inchi. Kutoka kwenye makopo hadi kwenye mita za ujazo kuna daraja la kuvuka, na yeye alilivuka kwa namba moja tu: mita moja ya ujazo, yaani sanduku lenye mita moja kwenda mbele, mita moja kwenda pembeni na mita moja kwenda chini, inaingia makopo mia saba. Namba hiyo hakuiandika popote, wala sikumsikia hata siku moja akiitilia shaka.

Mimi nilikuwa karani wa stoo ya vifaa vya ujenzi pale Musoma. Shule niliiacha mapema, na hesabu nilizojua nilijifunza mwenyewe katika kitabu kimoja chenye majedwali ya vipimo kurasa za mwisho. Jedwali langu lilisema mia nane na themanini. Siku ya kwanza nilipomwambia, Fundi alikuwa amekuja kuchukua saruji. Alisimama na mfuko begani, wala hakuutua.

"Mia nane na themanini ya nani?"

"Ya kitabu, Fundi."

"Hicho kitabu kimewahi kujaza sanduku?"

"Kitabu hakijazi. Kinapiga hesabu."

"Basi kipige. Mimi nilijaza." Akaondoka, na vumbi la saruji likabaki mlangoni.

Nilichukua penseli. Kopo moja ni zaidi kidogo ya lita moja na sehemu ya kumi. Lita elfu moja ndiyo mita ya ujazo. Nilipiga mara tatu na mara tatu nilipata mia nane na themanini. Kwa hiyo Fundi alikosea, na alikosea kwa kiasi kikubwa. Lakini kilichonichanganya ni kwamba hakuna mtu aliyewahi kumlalamikia. Nilipowazungukia watu wa Mwisenge waliojengewa matangi naye, walimsifu. Aliwaambia maji yatafika mwisho wa kiangazi, nayo yalifika yakabaki. Nilirudi nikiwaza jambo hilo hadi nikalielewa nusu. Mtu anayedhani mita ya ujazo inabeba makopo machache atajenga tangi kubwa kuliko haja. Kosa lake lilikuwa limejificha ndani ya ukarimu. Nilipomweleza hivyo, alinikata:

"Siyo kosa. Hayo ni maji ya wageni."

Nilimfahamu kwa miaka mingi, nikimpelekea saruji hadi alikojengea, na sikumaliza kumshangaa. Alikuwa mjenzi wa matangi, na nyumbani kwake Mwisenge hapakuwa na tangi. Alichota maji ziwani kama sisi wote, na akiulizwa alisema hajapata fundi wa kumwamini. Aliliogopa ziwa lenyewe. Hakuwahi kuingia zaidi ya magoti, ingawa alikula sato na furu kila siku aliyoweza, na alijua kwa harufu tu kama samaki amelala usiku mmoja au miwili. Alisali kwa wakati, bila kukosa, kisha akirudi kwenye kazi akakuta zege limekauka kabla ya kusawazishwa alilitukana kwa maneno ambayo sitayaandika. Pembe ya ukuta aliipima kwa timazi, akaipima tena kwa jicho, na vikitofautiana aliliamini jicho na kuilaumu kamba.

Bunda palikuwa na mwenye duka aliyetaka tangi la futi kumi kwa futi kumi, na alitaka lipimwe kwa futi mbele yake. Fundi alilipima kwa futi, akamwonyesha, wakapeana mikono. Yule bwana alipoingia ndani kula, Fundi alipima upya kwa mita, akahamisha vigingi vyote.

"Fundi, bwana amekwisha kubali vile vya kwanza," nilimwambia.

"Amekubali namba. Mimi najenga tangi." Akapigilia kigingi cha mwisho. "Na wewe ukimwambia, saruji yako nitakuwa naichukuliaga Kiabakari."

Butiama alikwenda mara nyingi kuliko kazi zilivyomtaka. Huko kulikuwa na mjane mfugaji, mwanamke mrefu, mwenye ng'ombe wachache na ulimi mwingi. Aliuza maziwa kwenye kituo cha kutengenezea siagi, na ndiye aliyewapimia maziwa wanawake wenzake wote wa upande ule, kwa sababu hakuna aliyemzidi kwa kuhesabu bila kusita. Fundi naye alikuwa amefiwa na mkewe. Wapagazi wake walimwita huyo mama "shemeji" pale tu Fundi alipokuwa mbali.

Yeye mwenyewe, mama huyo, alimtania usoni. "Nyie Waswahili wa Musoma mnajua kufuata harufu ya maziwa. Tangi langu ulishamaliza mwaka jana, leo umekuja kulifanyia nini?"

"Nimekuja kusikiliza kama linavuja."

"Linavujaga kwa sauti gani?"

"Mpaka nikae kidogo nisikilize."

Alimpa maziwa, naye hakuwa mpenzi wa maziwa. Nilimwona akiyanywa yote.

Wakati huo wafugaji wa eneo lile walikubaliana kujenga josho, handaki la zege lililojaa maji yenye dawa, ambamo ng'ombe huogeshwa ili kupe wafe. Lilikuwa jambo geni kwao na wengi walikataa. Walisema ng'ombe atakayeingia kwenye shimo la sumu hatatoka. Fundi ndiye aliyepewa kazi ya kulijenga, na ndiye aliyekwenda kumshawishi mjane. Nilikuwepo.

"Wakiona wako wameingia, wataingiza wao," alimwambia.

"Na wangu wakifa?"

"Hawatakufa. Josho nimelijenga mimi, maji yake nayajua."

"Mimi sina mume wala sina kaka. Nina hawa ng'ombe tu. Nawaingiza kwa neno lako, Fundi, siyo kwa neno la serikali."

"Kwa neno langu," alisema Fundi.

Josho lilikuwa la mita za ujazo kumi na nne. Maji yaliingizwa kwa mfereji kutoka kijitoni, kwa hiyo hakuna aliyeyahesabu. Bwana Mifugo, kijana wa serikali aliyeleta dawa, alihitaji kujua ni galoni ngapi ili apime dawa inayotosha. Fundi alimjibu papo hapo: makopo elfu tisa na mia nane, gawa kwa nne. Mimi nilisema ni zaidi ya elfu kumi na mbili. Bwana Mifugo alitutazama mmoja baada ya mwingine.

"Dawa ikizidi, ng'ombe wanakufa," alisema. "Ikipungua, kupe wanabaki. Nitafuata namba ndogo."

Hata sasa sioni kama alikosea kuogopa.

Ng'ombe wa mjane waliingia wa kwanza, wakatoka wakijitikisa, wazima wote. Watu walipiga vigelegele. Wengine wakaleta wao. Lakini baada ya kuogesha mara kadhaa mjane alikuja joshoni amemshika ng'ombe mmoja sikio. Aliligeuza sikio nje mbele ya Fundi. Kupe walikuwa wamejaa, wanatembea.

"Hawa wamekuja kuoga tu," alisema. "Wamependeza kabisa."

Baada ya hapo ndama wake mmoja, jike, alivimba tezi za shingo, akashindwa kunyonya. Ilikuwa ndigana, ugonjwa ule unaoletwa na kupe. Akafa. Sasa wafugaji waligawanyika: kuna waliosema dawa ni maji matupu, na waliosema Fundi ameharibu josho. Mjane hakusema hivi wala vile. Alisema tu, "Nilimwingiza kwa neno lako."

Fundi hakulala kwake Musoma tena hadi alipomaliza alilokusudia. Pembeni mwa josho alijenga sanduku la matofali, akalipiga plasta ndani, mita moja kila upande. Alitaka lijazwe kwa makopo mbele ya watu wote. Kama namba yake ni mbovu, ijulikane. Kama ni nzima, Bwana Mifugo aitafute hitilafu kwenye dawa.

Mimi, nikiwa mtu wa kitabu, niliachiwa kukagua. Nililipima sanduku kwa mita yake na kwa futi yangu. Lilikuwa sawa kila pembe. Kopo nililipima kwa kipimo chenye mhuri nilichokuja nacho kutoka stoo, lilikuwa halali. Wanawake wakapanga mstari kutoka kwenye mapipa. Mtu wa kuita hesabu hakutafutwa. Wote walimgeukia mjane, naye alikubali, labda kwa sababu alitaka kuliko sote kujua nani amemuulia ndama. Alisimama juu ya tofali, akayapokea makopo moja moja na kumimina kwa mkono wake, akiita kwa sauti. Mimi niliinama ndani ya sanduku, jicho kwenye ukingo, nikichunga lisivuje. Kila mia ilipotimia watu waliitikia.

Maji yaligusa ukingo. Mjane akanyamaza. Tulikuwa mia saba na nne.

"Hayo manne ni ya kumwagika," mtu mmoja alisema, na watu wakacheka sana. Wakaniangalia mimi. "Karani, kitabu chako kimelewa?"

Sikucheka. Nililipima sanduku upya. Nililipima kopo upya. Nikapiga hesabu upya kwenye mchanga, mbele yao, na nikapata mia nane na themanini, na sanduku lilikuwa pale limejaa kwa mia saba na nne. Sijawahi kuona kitu kikiwa kweli namna mbili kwa wakati mmoja. Nilimtazama Fundi, nikidhani atakuwa anafurahi. Hakuwa anafurahi. Alikuwa akimtazama mjane, na mjane alikuwa akitazama maji.

Bwana Mifugo hakungoja tukubaliane. Aliongeza dawa kidogo kidogo, akichunguza masikio ya ng'ombe kila mara, hadi kupe walipoanza kuanguka kama mbegu. Mwishoni, nilipomuuliza ameongeza kiasi gani, alisema karibu kipimo kimoja kwa kila vinne vya kwanza. Nilikiandika. Kililingana na kitabu changu na hakikulingana na sanduku. Ndama wengine walipona. Josho likafanya kazi, watu wakalizoea, na hakuna aliyeuliza tena.

Ila mjane aliuliza, kwa namna yake. Fundi alipopita kwake safari iliyofuata, alimkuta mlangoni.

"Namba yako imeshinda," alimwambia. "Nimeihesabu mwenyewe kwa mdomo wangu. Sasa niambie, kama ulikuwa umepatia, ndama wangu alikufaje?"

Mama akaingia ndani, na tangi lake halikusikilizwa tena.

Tangu siku ile Fundi alibadilika. Aliacha kuuliza watu wanatumia makopo mangapi. Mtu akitaka tangi alimwambia atafute fundi mwingine. Alichukua kazi za kuta, nyumba za wachimbaji upande wa Kiabakari, kazi ambazo hakuna kinachoingia ndani yake isipokuwa watu. Mita yake alikuwa nayo, lakini alipima nayo milango. Mara moja moja aliniuliza, bila utangulizi, hata tukiwa tunazungumza habari za samaki: "Lile sanduku, ulilipima vizuri?" Nilimwambia vizuri. "Na kopo?" Na kopo. Alitikisa kichwa, tukarudi kwenye samaki.

Miaka ikapita. Fundi alizeeka kwa haraka, macho yakaingia ukungu, mikono ikabaki migumu kama ilivyokuwa. Siku moja wafugaji walimwita aone ufa kwenye ukuta wa josho, naye akaniomba nimsindikize, kwa kuwa hakuona vizuri. Ufa ulikuwa mdogo. Tulipomaliza mvua ilianza, na nyumba ya karibu ilikuwa moja.

Mjane alitukaribisha kama wanavyokaribishwa watu waliolowa, yaani bila maneno. Alikuwa na nywele nyeupe sasa. Tulimkuta akipima maziwa ya kituo, kutoka kwenye vibuyu vya majirani kwenda kwenye madebe, kwa kopo lilelile la robo galoni. Alitupa vikombe vya maziwa ya moto, akarudi kwenye kazi yake. Alihesabu kwa sauti ileile ya kwenye tofali.

"Moja. Mbili. Tatu. Nne." Akamimina kopo jingine, mdomo umefumba. "Tano. Sita. Saba. Nane." Akamimina jingine, kimya. "Tisa."

Niliweka kikombe chini.

"Mama," nilisema, "hilo moja mbona hukulitaja?"

"Lipi?"

"Hilo la baada ya nne."

"Hilo ni la povu." Aliniangalia kama mtu anayemhurumia mgeni. "Maziwa mabichi yana povu, kopo halijai kweli. Kituo kinadaiga kopo moja juu ya kila galoni. Tangu zamani. Povu linahesabiwaga?"

Nilihesabu palepale, bila penseli. Manne yaliyotajwa na moja lisilotajwa; mia saba na nne yaliyotajwa, mia moja sabini na sita yasiyotajwa; jumla mia nane na themanini. Maji ya sanduku hayakuwa na povu. Lakini mkono wa mama haukujua kupima kwa namna nyingine, wala masikio yetu hayakujua kusikia kwa namna nyingine, hata yangu. Na Fundi, ujanani, alipojaza sanduku lake la kwanza, ni nani waliombebea maji na kumwitia hesabu kama si wanawake wa maziwa?

"Mama," nilianza, "siku ile ya sanduku pale joshoni..."

Mkono wa Fundi ulitua juu ya goti langu, mzito kama tofali.

"Karani," alisema, "maziwa yako yanapoa."

Nikakiinua tena kikombe. Alikuwa ameinua uso kuelekea sauti ya yule mama, na sikuweza kujua macho yale yenye ukungu yaliona kiasi gani.

"Mama, kuna neno nililokuwa nadaiwa hapa," alisema. "Ile mia saba yangu ilikuwa na kosa. Dawa ilipungua kwa sababu yangu."

Mama aliweka kopo chini. "Kosa gani? Si tuliihesabu?"

"Kosa la fundi. Ukilijenga chini, hata ukihesabu juu hulioni."

Mvua ilipiga bati. Mama akasema, "Alikuwa jike."

"Najua, mama."

"Angekuwa bibi wa ng'ombe wengi sasa hivi."

"Najua."

Aliguna, akatazama nje. "Umechukua muda mrefu kusema, Mswahili wewe." Lakini alisimama, akachukua kibuyu kilichooshwa, akaanza kumpimia Fundi maziwa ya kwenda nayo nyumbani. Alihesabu moja, mbili, tatu, nne. Halafu akamimina jingine, mdomo umefumba, akakiziba kibuyu kwa majani na kumkabidhi kwa mikono miwili. "Na hilo tangi," alisema, "siku hizi kuna mahali linalia. Ukipata nafasi uje ulisikilize."

Mvua ilikatika. Nilikibeba kibuyu mimi, Fundi akashika bega langu kwa ajili ya utelezi. Nilitaka kumuuliza amejua tangu lini: leo, au tangu siku ile alipokuwa akimtazama mama badala ya maji. Mpaka leo sijui. Nilitafuta jinsi ya kuanza, naye akanitangulia.

"Kizito?"

"Kizito, Fundi."

"Kuna makopo mangapi humo?"

"Matano."

Alitembea kidogo, akipapasa njia kwa mguu.

"Manne," alisema.